Rangi ya Eilert Myhre

Nilimsagia rangi miaka kumi na mmoja,
mimi, binti wa mwenye nyumba,
ghorofani juu ya duka la chumvi, Bergen.
Jiwe, mafuta ya kitani, jiwe tena.
Ile buluu aliiita "mkopo",
maana ilikula kodi yetu.

Kopenhageni walimrudisha.
Milima yako, walisema, inamdhalilisha mwanadamu,
umemchora mdogo kama kunguni.
Akajibu: Hapo nimempendelea.

Mkono mtupu haulambwi.
Akachora mabango ya wauza mikate,
makasha ya maharusi, waridi juu ya waridi;
na usiku, mshumaa kofiani,
maporomoko ya maji aliyoyaona mara moja tu,
siku kaka yake Sjur alipoteleza.

Mara thelathini na nne nilihesabu maji yale yakishuka.
Kila mara, jabalini, upande wa kushoto,
doa jekundu: kofia.
Katika picha ya mwisho jabali lilikuwa tupu.
Yuko wapi? nikamuuliza.
"Amevuka," akasema, akaomba supu.

Alipofariki, makasha yaliisha kabla ya maziko.
Maporomoko hakuna aliyeyataka.
Picha moja inaziba dirisha la Tollef mwoka mikate,
inazuia baridi,
naye huapa kwamba siku hizi unga wake unalowa.

Mimi ndiye niliyemwosha.
Nilisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mate.
Buluu ikabaki kuchani.
Nikaiacha aende nayo.
Kodi tulikwisha kuisamehe.