Saba kwa Kumi

Zamu ya usiku, kituo cha afya, Konde.
Simu nimeiegemeza dirishani kwenye boksi la glavu,
hapo tu ndipo mtandao hushika, tena kwa kusitasita.
Somo la nne: uvimbe wa kudumu wa matumbo.
Mwalimu ni mtu wa mbali. Uso wake hukwama mdomo wazi,
nami namngoja
kama unavyomngoja mtu aliye karibu kupiga chafya.

Kisha picha. Kamera imeingia ndani ya mtu.
Miaka kumi na moja ya kazi, sikuwahi kuuona utumbo ulio hai:
njia yenye mikunjo, rangi ya waridi, inang'aa kwa maji,
na mbele kidogo, wekundu, vidonda,
damu inavuja kama ukuta uliokwanguliwa kwa kucha.
Mwili unajipiga wenyewe, anasema mwalimu.
Walinzi wamemgeukia mwenye nyumba.
Halafu anasema: kwenu huko, ugonjwa huu ni nadra.

Nadra.
Nikalisimamisha somo.

Kwa sababu yupo Ustadhi Makame Shaame, wa Msuka.
Kadi yake ina mwandiko wangu mara tano.
Januari, kuhara damu: amiba, flajili siku saba.
Machi: amiba.
Mei: amiba, na chini yake nimepiga mstari
kana kwamba mstari nao ni dawa.
Maabara waliandika "hakuna kilichoonekana",
mimi nikasoma "hawakutazama vizuri".
Bibi yake akasema ni chango, akamchemshia mizizi.
Hatukupishana sana, mimi na bibi:
yeye alikuwa na neno moja, na mimi langu moja.

Alikuwa akisomesha watoto tajwidi.
Akaanza kukaa karibu na mlango.
Kisha akaacha kusalisha, na watu wakanong'ona
kwamba pana jambo baina yake na kamati.
Jambo lilikuwa udhu. Haukai.
Aliniambia hilo akiitazama mizani, si mimi.
Kilo arubaini na sita, mtu mrefu kama yule.

Nikaliendeleza somo. Maswali kumi.
Swali la sita: kijana wa miaka ishirini na minane,
damu chooni miezi mitano, vijidudu hakuna,
amekonda, magoti yanamuuma.
Utafanya nini?
Jibu la kwanza: rudia dawa ya amiba.
Kidole changu kilipita juu yake harakaharaka
kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kuiba.

Saba kwa kumi. Cheti hutolewa kwa nane.
Jaribu tena, simu ikasema, na bando likaisha.

Asubuhi nilimtuma kijana wa bodaboda akamlete.
Nikamwambia: si amiba. Nilikosea, mara tano.
Nadhani pia si chango.
Jina lake kwa Kiswahili silijui, na sijui kama lipo;
ni ndugu wawili, sijui ni yupi kati yao aliyekuingia.
Nikamwandikia barua ya Mnazi Mmoja,
nikamtajia nauli ya boti, nikaona anahesabu moyoni.
"Watakutazama ndani kwa kamera."
"Kamera? Itapita wapi?"
Nikamwambia.
Akacheka hata akashika tumbo, na tumbo likamkumbusha, akaacha.

"Na wewe, una uhakika?"
"Saba kwa kumi."
Akaikunja barua mara mbili, akaitia mfuko wa kifuani.
"Basi hizo tatu zilizobaki
niachie mimi na Mola wangu."
Kisha akauliza, kwa sauti ya chini,
choo cha kituo kiko upande gani.
Nikampa ufunguo wa kile cha wafanyakazi.
Nikamwambia asiurudishe.