Bwana, Mpe Simu Mkeo

"Bwana," akasema karani wa kliniki,
"mpe simu mkeo nimthibitishie miadi."
Nilikuwa jikoni, simu nimeibana begani,
naosha bakuli.
Nikasema, subiri kidogo.
Nikahesabu hadi tano, nikarudi na sauti ile ile:
Naam. Dirce ndiye mimi.

Ndevu nazing'oa kwa kibanio, zinapungua.
Chunusi za mgongoni zimeacha makovu
kama ukuta uliong'olewa misumari.
Misuli imelegea, suruali za zamani zinanienea.
Sauti tu ndiyo iliyokwenda ikakaa hukohuko.

Valmir alisema: dozi ya kike hii, nusu kidonge,
haimdhuru hata kuku.
Kuku wake walikuwa wakitaga.
Nilimwamini, maana chuma kilipanda:
kilo tisini mgongoni, kisha mia,
na picha yangu ukutani mwa jimu, hapa Londrina,
nimepakwa rangi ya shaba, nacheka meno yote nje.
Mwezi wa kwanza haukuandama, nikafurahi,
pedi zikabaki kabatini, akiba.
Wa pili haukuandama.
Wa tatu sikuutazamia.

Daktari Tsukamoto anagusa skrini kwa ncha ya kalamu.
Hii nyumba ya mtoto, ukuta wake umekonda,
ngozi ya kitunguu.
Hizi ovari. Zimelala, anasema, hazijafa;
ubongo uliona homoni zimejaa tele mwilini
ukaacha kuzigongea mlango.
Zitaamka lini?
Anavua miwani.
Wengine miezi. Wengine miaka. Wengine...
Anaivaa tena.

Edenilson alikuwa akinisubiri garini, redio kaizima.
Alikuwa amemenya chungwa, nusu yake, nusu yangu.
Mbegu saba kazipanga juu ya dashibodi,
na aliponiona nazitazama
akazizoa upesi kwa kiganja, akazitia mfukoni.
Hatukusema neno mpaka taa za daraja la reli.

Usiku naingia chumba kile
tunachokiita cha kupigia pasi
ili tusikiite jina lake.
Najaribu bembelezo la mama yangu.
Linatoka chini, chini kuliko alivyoweza baba.
Mbwa wa jirani anabweka, kisha ananyamaza.
Naanza upya.
Mtoto, akija, kama atakuja,
hatakuwa na sauti nyingine ya mama
ya kuilinganisha na hii.