Hatua Moja Nyuma

Mjini Cannes, mwezi wa Mei,
hutazami uso wa mtu, unatazama mikono.
Uso una miaka mingi ya mazoezi,
mkono hukurupuka na siri yake.
Hayo alinifunza Ferrandi, askari jela mstaafu
aliyekosa kidole cha shahada
na hakusema hata siku moja kilikwenda wapi.

Mwaka huu nilipangiwa Bwana Vandermeulen,
tajiri wa vifuniko vya chupa kutoka Antwerp.
Vifuniko. Vya bati, vyenye meno ishirini na moja,
milioni tatu kwa siku, aliniambia ndani ya gari,
nami nikaitikia kama mtu anayepewa habari za vita.
Alitaka walinzi watatu, magari mawili meusi,
na waya wa sikioni, "ule unaoonekana," akasisitiza,
uliojisokota kama mkia wa nguruwe.
Siku hizi tunavaa usioonekana.
Ilibidi tufukue droo za ofisi.

Nilifanya kazi kama inavyotakiwa.
Nilihesabu milango ya hoteli, na wa jikoni,
na ule wa kutolea taka.
Kutoka lifti hadi gari: sekunde arobaini na moja.
Pikipiki yenye watu wawili ikipunguza mwendo,
nilijipenyeza kati yake na saa ya Bwana Vandermeulen,
kwa maana huku saa hunyofolewa mkononi
kama zabibu kwenye kikonyo.
Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili, njiwa.
Siku ya tatu nikapiga simu ofisini:
nani hasa amemtishia mtu huyu?
Ghislaine akanyamaza kidogo, kisha akacheka.
"Hakuna, Pascal. Hakuna hata mmoja.
Ndiyo shida yake."

Tangu hapo nilianza kuona.
Tukishuka barabara ya Croisette, mmoja mbele,
mmoja ubavuni, mimi hatua moja nyuma,
simu zilituinukia kama alizeti.
Huyo nani? Sijui, ila ni mtu huyo.
Naye alipunguza mwendo, akavuta pumzi
kama aliyetoka chini ya maji.
Nilitandaza mikono kuwazuia watu
ambao, nisingeitandaza,
wangepita na aiskrimu zao wakimtazama baharini.

Jioni ya mwisho binti mdogo, wa miaka tisa hivi,
alinipita chini ya kwapa.
Ndiyo, alinipita. Ferrandi angenifukuza kazi.
Akanyoosha risiti ya duka la dawa na kalamu.
"Saini yako, tafadhali."
"Unanijua mimi?"
"Hapana. Kwani wewe ni nani?"

Nami, mtazama mikono,
niliutazama mkono wa Bwana Vandermeulen.
Ulitetemeka.
Aliandika jina lake lote, na la baba yake,
akaongeza mtaa, namba ya nyumba,
hadi karatasi ikamwishia,
kama mtu anayejaza fomu ya kitu kilichopotea.
Hakuna aliyempiga picha wakati huo.
Magari yalisubiri, milango wazi.
Kwa mara ya kwanza sikumharakisha.

Kwetu ni La Bocca, nyuma ya reli.
Treni ya saa sita usiku ikipita, glasi hugongana kabatini.
Noëlle alikuwa amenisubiri, akafungua bia,
kifuniko kikaruka, kikabingiria chini ya friji.
Nikapiga magoti na suti yangu ya kazi,
nikaingiza mkono kwenye vumbi na giza
nikapapasa, nikakipata,
nikakileta kwenye mwanga wa taa.
"Unafanya nini huko chini?" akauliza.
Nikamwambia anyamaze kidogo,
nimefika kumi na saba.