Beseni la Maji Baridi

Saa tatu usiku, prepu, Kasese.
Umeme umekwenda zake tangu jioni;
taa ya sola inatugawia mwanga
kwa kijiko, kama dawa ya kikohozi.

Chini ya dawati langu, beseni.
Maji ya Nyamwamba, yenye baridi ya theluji ya mbali,
nimezamisha miguu nisisinzie.
Ndiyo sheria ya kidato cha nne:
anayelala mapema ataamka na sifuri.

Masereka hana beseni. Ana saa ya mkononi
na ratiba ya rangi nne, kaibandika ukutani kwa uji.
Huamka saa tisa, akakariri kwa sauti
hadi maneno yakawa mvumo wa nyuki.
Jana tulimkuta kalalia daftari;
alipoinua kichwa
fomula ilikuwa shavuni, imeandikwa kinyume.
Tukacheka.
Kisha nikajitazama:
yangu haijafika hata shavuni.

Kemia, thelathini na nne.
Swali lililoniangusha:
*Eleza jinsi fuwele za chumvi zinavyofanyika.*
Mimi! Mtoto wa Katwe,
niliyelipiwa karo kwa magunia ya chumvi,
niliyejifunza kutembea kwenye kingo za mabwawa yale
yanayochoma kila kidonda.

Likizo nilimwonyesha mama karatasi.
Hakukemea. Alikuwa akipaka vaselini nyufa za nyayo.
"Nisomee hilo swali."
Nikamsomea, nikamgeuzia kwa Kikonzo.
Akanyamaza. Kisha:
"Na mbona ya juu hutoka nyeupe,
ya chini ya kijivu, chungu,
na maji ni yale yale, jua ni lile lile?"

Sikujua.
Miaka minne ya kemia, na sikujua.
Ajabu ni kwamba sikuona aibu;
niliwashwa tu,
kama mtu aliyevaa soksi yenye siafu.

Nikaliandika kiganjani. Jasho la safari likalifuta.
Nikaliandika tena.
Mwalimu Kabugho alilisoma, akavua miwani:
"Hili halimo kwenye mitihani ya miaka iliyopita."
Akatazama dirishani kitambo.
"Nami silijui vizuri. Lete chumvi zote mbili, tuzione."

Sisemi nimekuwa wa kwanza.
Jaribio la juzi, hamsini na moja;
hesabu bado zinanikimbia kama mbuzi wa jirani,
na kuna jioni naufungua ukurasa
ukanitazama tu, nami nikautazama.

Ila usiku huu saa nne imepita,
mlinzi kagonga kengele mara mbili,
vijiwe vya chumvi vimepangwa kando ya kitabu,
nyeupe huku, kijivu huku,
na kila mstari nausoma kama anayedaiwa.

Masereka ananinong'oneza, macho mekundu:
"Leo beseni lako liko wapi?"

Bwenini.
Nimelowekea soksi.