Kando ya Mshono

Bomba halikupasuka mshononi.
Nataka hilo liandikwe, Shaame,
kabla hawajakukata posho.
Mshono wako mzima. Limepasuka kando,
upana wa kidole, pale moto ulipopita
bila kukaa.

Nimekata kipande, nimekipiga msasa
mpaka nikaziona kope zangu ndani yake,
nikakitia tindikali, nikakiinamia
kwa darubini ya kuazima, ya skuli,
huku makonyo yakichemka ukutani
na Wawi nzima ikinuka dawa ya meno.

Chembe kwa chembe, kama mashamba yetu,
na kila mpaka mweusi.

Kromiamu ndiyo ngao ya chuma hiki,
kila chembe ina fungu lake.
Lakini joto la katikati, si la kuyeyuka, si la kupoa,
huiamsha kaboni: ikaiita kromiamu mpakani,
zikafungana huko,
na ubavuni pakabaki patupu.
Chumvi ya kisima chetu haikuhitaji zaidi.
Kikulacho ki mpakani mwako.

Babu yangu na Faki Mbwana
waligombea mkarafuu mmoja wa mpakani
miaka kumi na miwili. Hakuna aliyeupalilia.
Mchwa hawakuuliza ni wa nani.

Basi waambie waagize chuma chenye titani,
inayoiposa kaboni mapema,
au chenye kaboni haba. Andika:
isizidi 0.03 kwa mia.
Kwa tarakimu, Shaame, na kwa wino,
maana mwaka juzi nilisema kwa mdomo.