Risiti ya Fort Portal

Nimeikuta ndani ya kadi ya chanjo ya Mugume,
imekunjwa mara nne, imepauka kama ganda la kitunguu.
Jina la mkahawa limebaki nusu,
tarehe imeliwa, jumla imeliwa.
Naiinamisha dirishani, nasoma.

Firinda, sahani mbili.
Hiyo naikumbuka bila msaada wa wino:
maharage yaliyomenywa moja moja,
yakapondwa, samli ikayatuliza,
na Baba akimega karo ya ulezi,
akitoboa kishimo kwa dole gumba,
akichota, akinyamaza.
Baba, aliyetoka Jinja alfajiri akilaumu kila lori,
aliyetusimamisha Mubende kwa gonja la kuchoma
akalisema vibaya gonja lenyewe
mpaka likaisha mkononi mwake.

Kuku wa kienyeji, mmoja.
Alichelewa saa nzima.
Tulimsikia kwanza nyuma ya jiko,
halafu hatukumsikia tena.

Mirinda, moja. Ya Mugume,
aliyetapika Kyenjojo kando ya mashamba ya chai,
akajifuta, akauliza kama tuendako kuna chipsi.
Chipsi, moja.

Kisha mstari huu:
Kuonja divai, nne.

Nne?

Baba. Dada yangu Kemigisa. Mimi.
Mugume alikuwa na miaka tisa.
Na Mama ni mlokole tangu kabla sijazaliwa,
Mama hukataa hata keki
akisikia imepitiwa na ramu.

Mhudumu alikuwa kijana, Baguma, tai yake fupi.
Alituuliza kwanza empaako, mmoja mmoja,
Araali, Abwooli, Atwooki, Amooti,
maana humimini mtu usiyejua pa kumwitia.
Ya ndizi, rangi ya chai iliyosahaulika kikombeni.
Ya pasheni, kali, ikatukunja nyuso.
Ya choya, nyekundu kama jambo la kuficha.
"Zungusheni glasi kwanza," alisema, "msiwe na haraka."
Baba akacheka: "Tonto haizungushwi, kijana.
Tonto ndiyo inayokuzungusha wewe."

Mama aliifunika glasi yake kwa kiganja
kama anayezuia nzi.
"Mimi nitanusa ya kwenu," alisema.
Baguma akamimina tatu.
Nilihesabu. Mimi huhesabu, ni ugonjwa wangu.

Nampigia Kemigisa: anaapa moja.
Nampigia Baba: anaapa moja,
halafu anaapa tena bila kuulizwa,
lakini yeye huapa hivyo hata kwa bei ya nyanya.

Nafumba macho, narudi mezani.
Milima ilikuwa imejitanda mawingu,
tumelipia mandhari tusiyoyaona.
Mugume akatuvuta uani kumtazama bata mzinga
aliyekuwa akigombana na kivuli chake.
Tulikaa huko muda, wote,
isipokuwa mmoja, aliyebaki kulinda mikoba.

Tuliporudi, glasi ya Mama ilikuwa kifudifudi
juu ya leso iliyokunjwa vizuri,
naye anaimba pambio chinichini,
kwa mwendo wa kasi kuliko linavyoimbwa kanisani.
Njia nzima ya kurudi alicheka mbuzi.
Kila mbuzi.
Tulisema ni uchovu.

Nampigia.
"Mama, siku ile Fort Portal, ulikunywa?"
Kimya. Nasikia kuku wake, nasikia ndoo ikiwekwa chini.
"Hiyo karatasi, Amooti, wino wake ukoje?"
"Umefifia. Karibu unakwisha."
"Basi wino umeshanisamehe," anasema.
"Wewe ni nani, uendelee kusoma?"

Tunaongea mengine: mvua, goti la Baba,
Mugume na ndevu zake tatu.
Nami nataka kumuaga
anaposhusha sauti, kama mtu aliyegeuka kutazama mlango:

"Ilikuwa ile ya choya."