Upo? Nipo

Kuna baridi ya Seinäjoki ambayo hata chuma huinung'unikia.
Usiku ule wa Januari kipimajoto kilisoma thelathini na moja chini ya sifuri,
na katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya ghala la jibini,
Mansikki alizima.

Si ng'ombe. Seva.
Sisi wa ushirika wa maziwa hatukuona majina mengine:
Mansikki na Heluna, washindi wawili wa maonyesho ya mwaka ule,
mmoja wa kufanya kazi, mmoja wa kungoja.
Kati yao waya mwembamba wa buluu,
na ndani ya waya mazungumzo yaleyale, kila sekunde:
Upo?
Nipo.
Upo?
Nipo.

Usiku ule jibu halikuja. Heluna alihesabu hadi kumi
(mimi mwenyewe nilimfundisha subira hiyo,
maana ukikatika waya tu, kila mmoja akadhani mwenzake amekufa,
wote wawili wataandika kwenye diski ileile,
na fahali wawili hawakai zizi moja),
kisha akafungua kanzidata, akajitwika mzigo.
Lori la Ilmajoki likapima lita elfu tisa bila kujua lolote.
Nami nikalala hadi saa kumi na mbili, soksi miguuni.

Kipuri kilitoka Rotterdam. Kilichukua siku kumi na moja.

Ikumbuke hiyo moja.

Aprili akaja Rauni Ylitalo, mkaguzi wa leseni.
Alivua viatu mlangoni, akala andazi la mdalasini,
akauliza, "Huyu ana viini vingapi?"
Kumi na sita.
"Na huyu aliyelala?"
Kumi na sita. Lakini amelala.
"Mkataba unamruhusu kuamka siku kumi kwa mwaka.
Siku ya kumi na moja ni mfanyakazi."
Akafunua kiambatisho cha tatu, herufi ndogo kama mayai ya chawa.
"Na yule pale chini, wa barua pepe na mishahara?"
Huyo hajawahi kuigusa kanzidata.
"Lakini angeweza. Mmewaunga kishada kimoja."
Na kishada ndivyo kilivyo:
unataka zabibu moja, unapimiwa tawi zima.

Jalmari Hautakoski, mwenyekiti, ng'ombe sabini, goti bovu,
aliisoma ankara amesimama.
Ilikuwa bei ya paa la zizi.
Paa zima, na mabati yake, na chai ya mafundi.
"Nina mitamba kumi na wawili," akasema polepole.
"Hawajazaa. Hawana tone.
Niwalipie maziwa kwa sababu wangeweza?"

Rauni hakukasirika. Baba yake alifuga Kauhava, alisema,
wakauzwa wote asubuhi moja.
"Mimi nahesabu tu."
Akafunga kompyuta yake taratibu,
jinsi mtu anavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Deni tulilipa nusu kwa nusu, na Heluna tukamzima.
Bodi ilipiga kura, tisa kwa mbili.
Mimi sina kura, mimi ni fundi.
Nilichomoa umeme, nikachomoa waya wa buluu, nikauviringa,
nikautia mfukoni mwa koti. Umo hadi leo,
pamoja na risiti za mafuta na ufunguo wa baiskeli niliyoibiwa.

Sasa kila baridi inaposhuka chini ya ishirini
naamka usiku, nasikiliza simu isiyolia.

Kuna mpangilio mmoja nilipaswa kuufuta. Nilisahau.
Tuseme nilisahau.
Asubuhi, kabla ya kahawa, nafungua kumbukumbu za Mansikki,
na ukurasa hadi ukurasa, sekunde hadi sekunde, amejaza:
Upo?
Upo?
Upo?

Zinakula nafasi ya diski. Nitazifuta Jumatatu,
au Jumatatu ile nyingine.